Kifaa cha Mpito Chenye Udhamini wa Miaka Mitano

Kwako Mheshimiwa Mshauri wa ukurasa huu,

Pokea salamu zangu za heshima. Madhumuni ya waraka huu ni kuwasilisha kwako swali moja, nalo ni iwapo kifaa cha kuvutia mvuke cha bei ya juu kina thamani inayolingana na bei yake, au iwapo mtu mwenye akili timamu aendelee na kile cha bei ya chini ambacho kinavuja; na kwa kuwa jambo hili limeingia ndani ya ndoa yangu na sasa limefika mlangoni, nikimaanisha mlango wenyewe, ambao mke wangu ameupima kwa utepe, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujatoa uamuzi.

Mimi ni fundi saa. Elimu yangu ya darasani iliishia darasa la saba, lakini kamusi ninayo, na kila jioni kwa miaka mingi nimeisoma kama wengine wasomavyo gazeti, kwa hiyo lugha ya waraka huu isikufanye udhani kwamba nimeandikiwa. Mtaani wananiita Bwana Aidha, kwa sababu ambayo sijawahi kuelezwa.

Aidha, kazi hii naifanya kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, katika chumba kimoja chenye dirisha moja, ambacho nusu yake ya dirishani ni yangu kwa ajili ya mwanga, na nusu ya mlangoni ni ya mke wangu, mshonaji wa mapazia, ambaye kwa maneno yake mwenyewe mshono ulionyooka anaujua kwa kidole. Katikati yetu pana kabati lisilo na mgongo. Upande wangu nimepanga visanduku vya kamani, skrubu na vioo. Upande wake amepanga majora ya vitambaa. Kwa kuwa kabati halina mgongo tunaweza kuzungumza kupitia humo bila kuacha kazi, na mimi nakiri kwamba mazungumzo hayo, hata yale ya kugombana, ndiyo yaliyonifanya nisihamie duka kubwa zaidi nilipopata nafasi hiyo mara mbili.

Kwa bahati mbaya moshi nao ulikuwa ukipita humo humo. Nimevuta sigara kwa miaka thelathini na mmoja, tangu nikiwa bado mwanagenzi wa ufundi, na sikuvuta kwa anasa bali kwa sababu ya kazi, kwa maana kazi yangu ni ya kushika kwa kibano skrubu ambayo mtu wa kawaida akiiona hudhani ni vumbi, na mkono wangu ukikaa saa nne bila sigara huanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka kwa fundi saa ni sawa na sauti iliyokauka kwa mwimbaji. Jambo hili nakuomba ulipe uzito unaostahili, kwa sababu ndilo msingi wa yote yanayofuata, na ndilo ninaloliogopa kuliko kikohozi.

Mwaka jana nililazwa siku tisa kwa homa ya mapafu. Daktari aliniambia kwamba kifua changu kinalia kama mlango wa ghala. Nilipotoka sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kazini na mke wangu, kwa kuwa mwalimu mkuu mstaafu alikuwa akisafiri kesho yake na saa yake, ya kike, ndogo kama kifungo cha shati, ilikuwa mezani kwangu imefunguliwa tangu kabla sijaugua. Niliifunga jioni ile ile mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu, na hadi leo haijapoteza hata dakika moja, na nasema bila majivuno kwamba ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Siku mbili baadaye nilirudia sigara, kwa kuhofia mkono.

Sasa naingia katika kiini. Karibu miezi mitatu iliyopita, asubuhi, nikiwa na lenzi jichoni, mke wangu aliniita kupitia kwenye kabati.

"Fundi. Mapazia ya daktari wa meno yamerudi."

Nikamuuliza yamerudi kwa sababu gani.

"Mgonjwa wa kwanza kayapita, kanusa, kamuuliza daktari anavuta pakiti ngapi kwa siku."

Nikasema kwamba daktari angeweza kujibu kuwa havuti.

"Kajibu. Mgonjwa kasema ndivyo wanavyosema wote, kainuka, kaondoka na jino lake."

Kisha nikaisikia mashine ikienda mshono mmoja mrefu na kusimama, halafu akasema maneno ambayo nayanukuu kama yalivyotamkwa. "Chagua, Fundi. Moshi utoke, au mimi na mashine yangu tutoke. Dada ana nafasi dukani kwake, na kule hakuna anayevuta isipokuwa pumzi."

Siku ile ile niliandaa hati. Niliandika: *Mimi, fundi saa, naahidi kuacha sigara kuanzia leo, na nitatumia kivukizi kwa njia ya mpito, kwa muda usiozidi miezi mitatu, na baada ya hapo sitavuta kitu chochote.* Neno kivukizi nimeliunda mwenyewe, kwa kuwa neno vepu wanalolitumia wengine halina mzizi. Nilitia sahihi, na kwa kuwa sina muhuri mwingine nikapiga ule ninaoutumia kwenye kadi za wateja, unaosema IMEKAGULIWA. Mke wangu aliisoma hati yote akasimama kwenye neno moja.

"Mpito ndiyo nini?"

Nikamweleza kuwa mpito ni hali ya kutoka hapa kwenda pale.

"Na watu hufika?"

Nikamwambia hufika. Akaikunja hati akaiweka kwenye kopo la vifungo.

Kifaa cha kwanza nilikinunua kwa bei ya chini, kwa hoja kwamba kitu cha mpito hakistahili gharama. Ni cha plastiki ya kijani, umbo lake ni la kalamu nene, na kinatoa mvuke wenye ladha ya stroberi, tunda ambalo sijawahi kulila na sasa sina haja nalo. Katika wiki ya pili kilianza kuvuja mfukoni. Katika wiki ya nne kilivuja juu ya kabati, na tone likapita upande wa pili likaangukia kitambaa cheupe cha sebule ya mteja.

"Safari hii," alisema mke wangu akilisugua doa, "wataniuliza kama tunauza jamu."

Nikaamua kukirekebisha. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kifaa kile hakina skrubu hata moja, kimegandishwa kwa gundi pande zote, na ili kukifungua nililazimika kukipasua kwa bisibisi bapa. Ndani nilikuta betri, waya wa kuchemshia na kipande cha pamba kilichowekwa kizembe. Nilitia tone la mafuta ya saa kwenye kitufe, nikakigandisha upya kwa gundi yangu yote iliyobaki, na tangu siku hiyo kinavuja sehemu mbili. Mimi nimeishi kwa imani kwamba kitu kisichofunguka hakikutengenezwa, kimekusanywa tu, na sasa kitu cha aina hiyo nakiweka mdomoni mara arobaini kwa siku, na jambo hilo linanidhalilisha.

Nakiri pia, kwa kuwa nimeomba ushauri na si sifa, kwamba mara mbili kifaa kiliishiwa chaji mchana, nikaenda nyuma ya duka la fotokopi nikavuta sigara moja moja. Mke wangu hajui.

Wiki iliyopita, nikitafuta betri za saa, niliingia katika duka moja nikakiona kile cha bei ya juu. Mshauri, sitatia chumvi. Mwili wake ni wa chuma kilichosuguliwa, una skrubu nne halisi, na kifuniko chake kikifungwa kinatoa mlio ule ule wa saa nzuri ya mfukoni. Betri inabadilishwa. Waya wa kuchemshia unabadilishwa. Vipuri vyake vinapatikana. Hakivuji, kwa kuwa kina mpira wa kuzuia kila mahali panapokutana vipande viwili, nami mipira hiyo niliihesabu ikiwa sita. Bei yake ni mara sita ya kile cha kwanza, sawa na malipo ya saa nane, na ninaposema saa nane namaanisha saa nane za mkononi zilizofunguliwa, zikasafishwa na kufungwa, si wakati wa mchana.

Dada muuzaji alipoona nilivyokishika alisogea karibu.

"Mzee wangu, hicho si kama vile vya kutupa. Hicho kitakuzika."

Nilichukulia maneno hayo kuwa sifa.

"Udhamini miaka mitano," akaendelea. "Kikiharibika unakileta, tunakupa kingine, hatuulizi swali."

Nikamwomba karatasi ya maelezo ili nikaisome kwa utulivu. Kabla ya kurudisha kifaa nilikifuta alama za vidole vyangu kwa kitambaa cha lenzi, jambo ambalo alisema hajawahi kumwona mteja akilifanya.

Karatasi ile niliiacha juu ya kabati. Nilikosea, kwa kuwa juu ya kabati ni pande zote mbili. Nilikuwa nasafisha kioo nikasikia mashine imesimama.

"Fundi. Hiki ndicho unachotaka kununua?"

Nikamwambia nakifikiria, na nikaanza kumweleza kuhusu mipira sita.

"Imeandikwa hapa udhamini miaka mitano."

Nikasema ndiyo, na kwamba katika vifaa vya aina hiyo ni muda mzuri sana.

Nikasikia kopo la vifungo likifunguliwa. Akatoa hati yangu, akaiweka karibu na karatasi ya dukani, akazisoma zote mbili, kisha akauliza bila kupandisha sauti: "Mpito gani huu una udhamini wa miaka mitano?"

Nilimjibu kwamba udhamini ni wa kifaa, na mpito ni wa mtu, na kwamba mambo hayo mawili yasichanganywe. Aidha, nilimweleza kwamba ingawa leo ni wiki ya kumi na moja tangu hati itiwe sahihi, mpito kwa maana yake halisi haujaanza, kwa sababu kifaa cha kwanza hakikuwa kifaa, na kwa hiyo miezi mitatu ihesabiwe kuanzia siku nitakayopata kinachofaa. Bado naamini kwamba hoja hiyo ilikuwa imejengwa vizuri. Mke wangu aliisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua utepe wake, akaenda mlangoni, akapima upana wa mlango, akarudi akapima meza ya mashine, akaandika namba mbili kwa chaki kwenye kiganja chake, akakaa akaendelea kushona.

Siku ya pili yake dada yake alipita dukani. Huyu shemeji yangu ni mtu wa maneno.

"Shemeji Bwana Aidha," alisema akiwa bado mlangoni, "nafasi ya mashine nimeshaifagia. Aidha, ina dirisha. Vilevile, haina moshi."

Mke wangu hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha, kwa kuwa kwa miaka yote amekuwa akicheka shemeji anaponitania.

Tangu hapo ananisemesha kwa adabu. Ananiuliza kama nimekula, ananijulisha mteja akifika. Kabati limekuwa kabati. Nimejikuta mara mbili nimeshika kibano nikisubiri anigombeze, na hakuna linalokuja isipokuwa mlio wa mashine.

Waraka huu atauposti mke wangu pamoja na vifurushi vyake, kwa kuwa kila Jumanne anapita posta. Bahasha sikuifunga kwa sababu gundi yote imekwisha, kama nilivyoeleza, lakini hana tabia ya kusoma barua za watu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mshauri, naleta mbele yako haya: kwamba kifaa cha bei ya juu kimetengenezwa kwa ufundi, hakivuji, hakitaharibu vitambaa, na kitaulinda mkono wangu ambao ndio riziki yetu sote wawili, na kwamba kifaa cha bei ya chini ni aibu. Kwa upande wa pili kuna miaka mitano, na kuna mlango uliopimwa. Nimelipima jambo hili kwa kila namna niijuayo na mizani haitulii.

Naomba uamuzi: ninunue au nisinunue.

Wako katika heshima,
Fundi saa

*

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Pole kwa kifua, pole kwa kitambaa cheupe, na pole zaidi kwa ukimya wa upande wa pili wa kabati, maana huo ndio uliokutuma kwangu, si bei.

Lakini umeuliza bei, nami nitaanza na bei. Ulichokishika dukani ni kifaa bora kuliko ulichonacho. Sikubishii. Skrubu ni bora kuliko gundi, na kisichovuja ni bora kuliko kinachovuja. Mtu aliyeamua kuvuta mvuke kwa miaka mitano akikinunua kile cha chuma atakuwa hakupunjwa, kwa sababu wewe ungepasua vya plastiki vingapi katika miaka mitano? Kwa mtu huyo bei ni halali.

Sasa niambie kama mtu huyo ni wewe. Usiniambie mimi, kwanza soma ulichoandika. Uliandika miezi mitatu. Uliandika "sitavuta kitu chochote". Ukapiga muhuri IMEKAGULIWA. Basi kwa hati yako mwenyewe, kile kifaa kitakuwa na kazi ya wiki moja, na miaka minne na miezi kumi na moja na ushee kitakaa kwenye droo kikiwa kizima, kimesuguliwa, kikisubiri siku utakayokuwa na hasira. Unataka kulipa saa nane za mkononi kwa kitu cha wiki moja? Huwezi kuwa unataka hivyo, wewe ni mtu wa hesabu ndogo ndogo. Unataka kulipa kwa ajili ya ile miaka mingine. Mkeo aliliona hilo kwa kuweka karatasi mbili pamoja. Alikuuliza swali la maneno manane ukamjibu kwa hotuba.

Na hotuba yenyewe, Fundi, haikujengwa vizuri. Ilijengwa kwa ujanja. Mpito hauanzi siku unapopata gari zuri. Wewe ulishaondoka, umekaa njiani wiki kumi na moja, na sasa unataka kununua kiti cha kukalia hapo hapo njiani.

Nikueleze kwa nini kile cha chuma ni kibaya kwako hasa, hata kama ni kizuri kwa mwingine. Ulikifuta kwa kitambaa cha lenzi kabla hujakinunua. Ukishakinunua utakifungua kila Jumapili, utakisafisha, utakitafutia vipuri, utaweza kukielezea kwa kila mteja atakayekaa kwenye benchi. Hakuna mtu anayeachana na kitu anachokitunza hivyo. Dada wa dukani alikwambia kitakuzika ukadhani anakisifu. Alikuwa anasema kweli bila kujua.

Sasa yale uliyoyapitisha haraka haraka ukitumaini sitayaona. Umekipasua kwa bisibisi kifaa chenye betri. Betri za namna ile huwaka moto, na upande wa pili wa kabati kuna majora ya vitambaa na mkeo. Umetia mafuta ya saa kwenye kitu unachokiweka mdomoni, wewe uliyelazwa siku tisa kwa mapafu. Mvuke wenyewe si hewa, una nikotini, na mapafu yako hayajui kwamba umeupa jina zuri. Na zile sigara mbili za nyuma ya duka la fotokopi, mkeo anazijua tangu mwanzo. Nitakueleza amezijuaje.

Kuhusu mkono. Umesema ndio msingi wa yote, nami nakubali, kwa hiyo nilimuuliza mtu wa afya ninayemwamini. Alinijibu kwamba mkono unaotetemeka saa nne baada ya sigara mara nyingi ni mwili unaodai nikotini uliyoizoea. Ukiupa, unatulia, halafu unadai tena. Kama ndivyo, basi kinachoutuliza mkono wako ndicho kinachoutetemesha, na ukikaa bila hicho kwa siku za kutosha deni hilo huisha. Alisema pia upimwe, kwa sababu kutetemeka kuna sababu nyingine, na hakuna kati ya hizo inayotibiwa dukani.

Ningeishia hapo, lakini barua yako ilinifikia ikiwa na maandishi mengine nyuma ya ukurasa wa mwisho. Yameandikwa kwa chaki ya bluu ya mshonaji, na nusu yalikuwa yamefutika kwa kusuguana na bahasha. Nimeyasoma kwa kuyainamisha dirishani. Nayaweka hapa kama yalivyo, kwa sababu ni mafupi na ni bora kuliko yangu:

*Mshauri samahani kwa chaki kalamu zote ziko upande wa fundi. Bahasha ilikuwa wazi. Hizo sigara mbili nilizinusa siku ile ile. Aliyoandika ni kweli isipokuwa habari ya mkono. Hospitali siku tisa hakuvuta hata moja. Alipotoka ndiyo akafunga saa ya mwalimu, mimi nilimshikia taa, mkono haukucheza hata kidogo. Sikumwambia kwa sababu alikuwa na furaha na ile saa nikaona nisiiharibu. Mlango nimepima. Meza inapita. Sitaki ipite.*

Rudi usome barua yako, Fundi. Uliniandikia mwenyewe kwamba ile ndiyo kazi bora kuliko zote ulizowahi kufanya. Uliniandikia siku tisa. Uliniandikia kwamba ulikwenda moja kwa moja. Vipande vyote ulikuwa navyo mezani, vimefunguliwa, ila hukuvifunga pamoja. Mkono unaouogopea ulishafanya kazi yake bora bila moshi, na shahidi alikuwa amesimama karibu yako na taa.

Uamuzi wangu ni huu. Usinunue. Usirudi kwenye duka lile hata kuangalia, betri za saa zinauzwa kwingine. Kile cha kijani usikitumie tena wala usikifungue tena, kipeleke wanapopokea betri mbovu, usikitupe kwenye takataka za nyumbani. Kesho asubuhi nenda hospitali ile ile iliyokulaza, mwambie daktari miaka thelathini na mmoja, mwambie wiki kumi na moja, mwambie na zile mbili, umwombe akusaidie kuacha nikotini yenyewe na akuangalie huo mkono. Zipo njia, na zina tarehe ya mwisho. Wiki mbili za kwanza usipokee saa ndogo. Pokea za ukutani, hizo hazijali mkono ukicheza. Na usiende peke yako. Muombe aliyeshika taa akusindikize.

Hati usiandike nyingine. Mkeo anayo moja kwenye kopo la vifungo na bado ina wiki moja ya uhai, inatosha.

Uliomba uamuzi wangu ukaupata. Wa kwako bado haujatolewa, na anayeungoja si mimi. Mashine ikisimama, mwambie kupitia kwenye kabati kama mlivyozoea, kwa mdomo, bila aidha na bila muhuri.

Naomba uamue.